Simulizi za mashujaa wa imani: nimesikiliza zote, maoni yangu haya hapa

Bwana asifiwe wapendwa. Nimemaliza ule mfululizo wa sauti wa maisha ya mashujaa wa imani ambao watu wanatumiana kwenye magrupu, nikaona nisikae kimya maana umenikuta kipindi ambacho hata maombi nilikuwa naomba kwa mazoea tu, mdomo unaenda moyo haupo.

Iliyonishika ni ya Corrie ten Boom. Huyu mama alikuwa fundi saa kule Haarlem, Uholanzi, familia yao ikawa inawaficha Wayahudi nyumbani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wasikamatwe na Wanazi wa Ujerumani, nao wakakamatwa Februari 1944, baba yao mzee wa miaka 84 akafa siku 10 tu baadae akiwa mfungwa, na dada yake Betsie akafia Ravensbrück, kambi ya mateso ya Wanazi, Desemba mwaka huohuo. Kuna pale Betsie anamshukuru Mungu hadi kwa viroboto wa bwenini, Corrie anaona hapa dada kazidi, kumbe askari walikuwa hawaingii mle kwa kuogopa viroboto haohao na ndo maana waliweza kusoma Biblia! Halafu inakuja 1947, Munich, Corrie ametoka tu kuhubiri msamaha, anamuona mmoja wa askari wa kambi ile anamjia na kumpa mkono anaomba amsamehe, na mkono wa Corrie unagoma kunyanyuka. Unagoma kabisa. Ikabidi amuombe Yesu palepale ndo akaweza. Nilizima simu nikakaa, maana kuna mtu nilishajiambia nimemsamehe na wala sijamsamehe.

Sasa ya William Carey, yule mmisionari Mwingereza, ndo imeniuma kidogo. Wanaeleza vizuri alivyofika India 1793 na Mhindu wa kwanza akabatizwa 1800, yaani miaka 7 anahubiri tu, na moto wa 1812 ulivyounguza karatasi zake za tafsiri ya Biblia akaanza upya. Safi. Ila mkewe Dorothy hawamgusi, wakati huyu mama alifiwa na mtoto wao mdogo hukohuko, akaugua akili miaka mingi mpaka kifo chake. Kwa nini wafiche? Kuna mtu anasikiliza hiyo stori na nyumbani ana mgonjwa wa akili, anadhani watumishi wa kweli hawapitiagi hayo, huyo ndo angefarijika kuliko sisi wote. Biblia yenyewe haikumficha Daudi.

Ya Eric Liddell, mkimbiaji wa Scotland aliyekuwa pia mmisionari, mbio zimezidi, dhahabu ya mita 400 Paris 1924 inachukua karibu yote, na kule China alikofia kwenye kambi ya wafungwa ya Wajapani Februari 1945, alikokuwa anafundisha na kuchezesha watoto wa wafungwa wenzake, wanapita haraka. Ya askofu mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Uganda 1977 enzi za Amin, ni fupi mno ila msimuliaji kaisoma kwa heshima.

Muziki wa nyuma nao uko juu, sehemu za maombi unafunika sauti, nilikuwa narudisha nyuma kila saa.

Hata hivyo sikilizeni, anzeni na ya Corrie mkiwa peke yenu. Na waliotengeneza kama mnasoma hapa, nawaomba kwa upendo ile ya Carey muirekodi tena, Dorothy awemo.