Tahadhari: Kadi za Njano bandia kwa wasafiri wa pikipiki wanaopita Masasi kwenda Mtambaswala

Ndugu wasafiri wa pikipiki, hasa mnaoshuka barabara ya kusini kupitia Lindi, Mingoyo na Masasi ili mvuke Mto Ruvuma kwenye Daraja la Umoja pale Mtambaswala kuingia Msumbiji, ninawatahadharisha juu ya mtu anayejitambulisha kuwa wakala wa bima na kuuza karatasi anazoziita Kadi ya Njano ya COMESA "inayofika mpaka Cape Town". Kadi ya namna hiyo haipo, wala haipatikani kwa bei yoyote.

Kadi ya Njano yenyewe, yaani bima ya chombo inayotambuliwa katika nchi kadhaa chini ya mpango wa COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), ni halali na ina manufaa makubwa. Ilianza kutumika mwaka 1987, na inatambuliwa katika nchi kama Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Malawi, Zambia na Zimbabwe. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki katika mpango huu wa bima. Msumbiji haimo. Kwa hiyo anayevuka Ruvuma analazimika kukata bima ya mtu wa tatu ya Msumbiji (ile inayolipa madhara unayowasababishia wengine), hata kama ana Kadi ya Njano halali mfukoni. Afrika Kusini nayo haimo, kwa kuwa kule fidia ya wanaojeruhiwa barabarani hutoka katika mfuko unaochangiwa kupitia tozo ya mafuta, na mwenye chombo hapewi karatasi yoyote ya kuonyesha mpakani.

Hapo ndipo muuzaji huyu anapowapatia watu. Msafiri anayepanda kutoka kusini hajawahi kuiona Kadi ya Njano, akifika kwetu anajua tu kwamba anahitaji bima, na yeyote atakayemwonyesha karatasi yenye muhuri atamwamini. Wageni wanaotoka Kenya wanaambiwa kwamba kadi waliyokata Nairobi inakoma Namanga na kwamba lazima wanunue nyingine, jambo ambalo ni uongo mtupu, maana kadi hiyo ilitengenezwa mahsusi ili mtu asikate bima upya katika kila nchi mwanachama.

Karatasi mojawapo niliishika mwenyewe, ya kijana wa Lindi aliyekuwa akielekea Nampula. Ukiitazama kwa haraka inaridhisha: ina nembo, muhuri wa duara wa bluu na namba ya stika ya bima. Lakini katika orodha ya nchi, majina ya Msumbiji na Afrika Kusini yamechapwa kwa herufi nyembamba kuliko mengine, na namba ya chesisi imejazwa kwa kalamu. Tulipoingiza namba ya stika katika TIRA MIS, mfumo wa kuhakiki bima wa TIRA (Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania), ilitokea bima ya gari dogo ambayo muda wake ulikuwa umekwisha. Namba ni ya kweli, ila imechukuliwa kutoka kwenye bima ya mtu mwingine, na ndiyo sababu anayeuliza tu kama namba ipo hujibiwa kuwa ipo, naye akaridhika na kulipa. Msihakiki kwa namba anayowapa muuzaji. Tafuteni kwa namba ya usajili ya pikipiki yenu, au kwa namba ya chesisi, kisha someni jina la kampuni, aina ya chombo na tarehe ya mwisho kabla fedha haijatoka.

Kuna dalili nyingine ambayo kwangu inatosha peke yake. Kadi ya Njano hutolewa juu ya bima ya kawaida ya chombo, yaani kampuni hukuuliza kwanza bima uliyonayo ndipo ikuongezee kadi. Huyu haulizi. Anataka picha ya pasipoti na ya kadi ya pikipiki kwa WhatsApp, anahimiza malipo kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mtu binafsi, hatoi risiti ya EFD (ya mashine ya kodi), na akishalipwa hapokei simu tena. Anadai pia kwamba pikipiki ikiibwa au kuharibika utalipwa, ilhali Kadi ya Njano halali hushughulikia madhara unayowasababishia wengine pamoja na matibabu ya dereva na abiria wake, si chombo chako.

Hasara ya fedha ni sehemu ndogo ya jambo hili. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na mwenye karatasi bandia ni sawa na asiyekuwa na bima. Ukimgonga mtoto pale Mangaka, hakuna kampuni itakayosimama nyuma yako, na familia ya yule mtoto haitakuwa na pa kudai isipokuwa kwako, msafiri ambaye kesho yake alikuwa awe nchi nyingine. Jambo hili linaniumiza zaidi ya yote.

Kwa waliokwisha kulipa: msifute mazungumzo wala ujumbe wa muamala, ihifadhini karatasi kama ilivyo, mkatoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu na kwa TIRA, na mwaeleze kwamba nakala za pasipoti zenu zimo mikononi mwake. Kateni bima halali katika ofisi ya kampuni au kwa wakala mwenye leseni mkiwa bado Masasi au Mtwara mjini, kabla ya kuendelea na safari.