Boksi la vipande 121 vya mamoja, makumi na mamia: muhula mmoja darasa la pili

Nafundisha hesabu darasa la pili hapa Morogoro, wanafunzi 58. Mwezi wa kwanza nilitoa 38,000 mfukoni mwangu nikanunua boksi la vipande vya plastiki vya kufundishia thamani ya tarakimu. Ndani kuna vidogo 100 vya mamoja, vijiti 10 vya makumi, mabamba 10 ya mamia na mchemraba mmoja wa elfu. Wengine huviita vya Dienes, kwa jina la Zoltán Dienes, mwanahisabati mzaliwa wa Hungaria aliyevieneza mashuleni.

Nilivitaka kwa sababu ya kutoa kwa kukopa. Ukiandika ubaoni 52 − 27, nusu ya darasa langu walikuwa wananiletea 35. Wanaona 2 na 7, wanatoa ndogo kwenye kubwa, basi. Siku ya kwanza nilimpa mtoto vijiti vitano na vidogo viwili, nikamwambia anitolee saba. Akanitazama. Akachukua kijiti kimoja akajaribu kukivunja kwa meno! Nilifurahi sana, maana kichwani alikuwa ameshafika: saba zimo ndani ya ile kumi, shida ni namna ya kuzitoa. Tukafungua benki mezani kwangu, unaleta kijiti unapewa vidogo kumi, kama unavyochenji noti ya elfu kumi kupata kumi za elfu moja. Akabaki na vijiti vinne na vidogo kumi na viwili. Akatoa vidogo saba, kisha vijiti viwili, akapata 25, akaenda kumwonyesha jirani yake.

Ila meno yale yalinifundisha kitu. Kwa anayeanza, chelewa za fagio zilizofungwa kumi kumi kwa mpira bado zinashinda boksi hili. Bunda la chelewa mtoto analifunga mwenyewe na kulifungua mwenyewe, hivyo anajua kumi imetoka wapi. Kijiti cha plastiki amekikuta tayari ni kumi, inabidi akuamini. Sasa naanza na chelewa wiki mbili, ndipo naleta plastiki. Kwenye mamia hapo plastiki haina mpinzani: bamba moja unaliweka mezani, nani atafunga chelewa 300?

Kasoro zipo, na moja imeniuma. Vidogo vyangu vimezidi ukubwa kidogo. Ukivipanga kumi kando ya kijiti vinapitiliza karibu nusu sentimita. Binti mmoja aliona kabla yangu: "Mwalimu, hizi kumi ni ndefu kuliko kumi." Kifaa kizima kinasimama juu ya usawa huo, halafu mtoto mwenye macho makali ndiye anayechanganywa. Mchemraba wa elfu nao ni mtupu ndani, kwa hiyo mabamba kumi yanauzidi uzito. Nimeacha kuwapa waupime kwa mikono.

Na vipande 121 kwa watoto 58 havitoshi. Natumia makundi sita kwa zamu, wengine wakiwa na visoda. Vidogo 14 vimeshapotea. Tangu wiki ya tatu navihesabu wakati wa kukusanya, na kuhesabu huko wanafanya wao wenyewe kwa makumi.

Plastiki yenyewe imara, haijapasuka hata moja. Boksi la pili nitanunua, lakini safari hii nitakwenda dukani na rula, nifungue, nipange kumi kando ya kijiti kabla sijatoa hela.