Kipimamvua cha plastiki: kinafaa, ila kilinde na wadudu

Kwa mwanafunzi wa hali ya hewa anayekuja Mwanza kwa mafunzo ya vitendo, kipimamvua cha plastiki cha kufunga kwenye nguzo kinatosha. Soma saa 3 asubuhi, jicho likiwa usawa wa maji, pale yalipobonyea katikati, si pembeni yalikopanda ukutani. Milimita 1 ni lita 1 kwa mita ya mraba.

Udhaifu wake ni faneli. Wadudu wa ziwa wakivamia usiku huziba tundu, kisha mvua ya radi ya alfajiri inafurika nje na unaandika pungufu. Weka wavu, safisha kila jioni. Jua nalo hufifisha namba.

Kisimike mbali na kizuizi, angalau mara mbili ya kimo cha kizuizi hicho. Kwenye majabali haya ya Mwanza, hapo ndipo kazi ilipo!