Jane Eyre Kwenye Skrini: Kwa Nini Ninairudia ya Mwaka 1983

Riwaya ya Jane Eyre, iliyoandikwa na Charlotte Brontë na kuchapishwa mwaka 1847, nimeisoma mara tatu, na nilipoifunga mara ya tatu niliamua kutazama kwa mfululizo filamu na tamthilia nne za runinga zilizotokana nayo. Kipimo changu kilikuwa kimoja tu. Ni ule wakati ambapo Jane, baada ya arusi yake kuvunjikia kanisani kwa kubainika kwamba Bwana Rochester, mwajiri wake aliyekuwa akimwoa, ana mke aliye hai, anakataa kubaki naye kama kimada ingawa anampenda na hana wa kumkimbilia. Asiyeupa heshima wakati huo, kwangu ameukosa moyo wa kitabu.

Filamu ya mwaka 1943 inavutia kwa vivuli vyake vya picha nyeusi na nyeupe, na maisha ya shule ya Lowood, ambako Elizabeth Taylor akiwa bado mtoto anaigiza Helen Burns, rafiki wa Jane, yaliniliza. Hata hivyo, Orson Welles, anayeigiza Rochester, anakijaza chumba kwa sauti yake hadi Joan Fontaine, anayeigiza Jane, anabaki kuwa msikilizaji. Hilo si dogo katika hadithi ambamo msichana maskini, mfupi na asiyesifiwa uzuri, anamweleza tajiri wake ana kwa ana kwamba nafsi zao ni sawa mbele ya Mungu.

Tamthilia ya BBC ya mwaka 1983, yenye sehemu 11, haina picha za kupendeza macho: mwanga ni wa studio, na kamera hutulia mahali pamoja kwa muda mrefu. Lakini sehemu 11 zinatoa nafasi ya mazungumzo, na mapenzi ya watu hawa wawili yalizaliwa katika mazungumzo, jioni baada ya jioni kando ya moto. Ni kweli kwamba Timothy Dalton ni mzuri mno wa sura, kwa hiyo Zelah Clarke anapoulizwa kama anamwona bwana wake kuwa mzuri, akajibu "La, bwana", ni vigumu kumwamini. Nilimsamehe Dalton, kwa sababu anayatamka maneno marefu ya Brontë kana kwamba yanamzukia papo hapo. Katika kuagana kwao Rochester anasihi, anatisha, kisha anasihi tena, na Jane analia bila kurudi nyuma hata hatua moja. Usiku huo sikuweza kuendelea na sehemu iliyofuata.

Ile ya mwaka 2006, yenye sehemu 4, ina joto kuliko zote, na uso wa Ruth Wilson unasema mengi kabla hajafungua kinywa. Ndiyo maana nilisikitika kuona kuagana kwao kumegeuzwa kuwa kumbukumbu, Jane akiwa amelala kitandani na Rochester wakibusiana. Brontë aliuweka mtihani huo katika hoja: Rochester ana sababu nzuri, na Jane lazima azishinde kwa akili na dhamiri yake. Kuuhamishia mwilini ni kuupunguza.

Cary Fukunaga, katika filamu yake ya mwaka 2011, anaanza na Jane akikimbia nyikani, ndipo anaturudisha nyuma, na kwa njia hiyo nyumba ya akina Rivers, ndugu wanaompokea Jane baada ya kukimbia, inapata uzito unaostahili. Jumba la Haddon Hall ndilo Thornfield, nyumba ya Rochester, hapa kama lilivyokuwa mwaka 2006, lakini safari hii kuta zake zina baridi na ukimya. Saa mbili ni chache kwa mapenzi kukomaa, ila Mia Wasikowska anaposema kwa sauti ya chini kwamba ni lazima ajiheshimu, kipimo changu kimetimia.

Kwa asiyesoma kitabu ningempa hii kwanza, kisha ile ya mwaka 1983. Hii ya mwaka 2011 ina pengo moja linaloniuma: inaishia wawili hao wanapokutana tena, kabla Jane hajamwambia msomaji sentensi yake mashuhuri kuhusu ndoa yao, "Reader, I married him". Katika sentensi hiyo mtendaji ni Jane mwenyewe, kiasi kwamba kwa Kiswahili singethubutu kuandika "niliolewa naye", ningeandika "nilimwoa".