Danelectro '59: hadibodi ileile, shingo mpya

Mtu akilishika gita hili la umeme, Danelectro '59, mara ya kwanza huanza na utepe. Ubavuni mwa bodi, kuizunguka yote, umebandikwa utepe wa plastiki wenye vipelevipele kama ngozi bandia ya viti vya basi, na swali hufuata palepale: hili ni la kupiga au la kutundika ukutani? Utepe una kazi yake. Bodi ya Danelectro ni fremu ya mbao iliyofunikwa juu na chini kwa hadibodi, ule ubao wa nyuzinyuzi za mti zilizoshindiliwa, na ndani kwa sehemu kubwa ni wazi. Maungio yake hayapendezi kutazama, basi yakafunikwa. Hakuna siri nyingine.

Aliyebuni hayo ni Nathan Daniel, mtaalamu wa vifaa vya umeme aliyeanzisha Danelectro huko New Jersey, Marekani, mwaka 1947. Alianza na amplifaya, nyingi zikiuzwa na maduka ya Sears kwa jina la Silvertone, na mwaka 1954 akaingia kwenye magita. Sears walikuwa wanauza kwa katalogi, wateja wengi wakiwa vijana wanaojifunza, kwa hiyo kila senti ilihesabiwa. Ndiyo maana pikapu, vile vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi, zikatiwa ndani ya vikopo vya lipstiki, vya kweli kabisa: sumaku, waya mwembamba wa kuzungushia, kikopo juu yake, kazi imekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakatoa lile la Silvertone ambalo sanduku la kubebea ndilo amplifaya, na spika imo humohumo. Kijana analipa mara moja, anaondoka na nusu ya bendi mkononi. Mwaka 1966 kampuni iliuzwa kwa MCA, kampuni ya burudani, na 1969 ikafungwa.

Jina lililala mpaka miaka ya 1990, lilipochukuliwa na kampuni ya Evets (lisome kinyumenyume upate Steve, yaani Steve Ridinger, yuleyule wa pedali za Foxx, vikanyagio vya kubadili sauti ya gita, za miaka ya 1970). Walianza na pedali, magita yakafuata mwishoni mwa muongo huo, yakiundwa Asia. Nikisikia jina la zamani limefufuliwa huwa nakunja mikono kwanza nisubiri. Harmony ya Chicago nayo lilikuwa gita la mtu wa kawaida, nalo likiuzwa na Sears. Liliporudi chini ya kampuni ya BandLab lilikuja kutoka Kalamazoo, mbao nzito nzuri, rangi ya kifahari. Sina ugomvi nalo, linapigika vizuri, ila limehamia mtaa mwingine. Evets hawakupita njia hiyo. Hadibodi imebaki hadibodi, na nafurahi hakuna aliyewashauri waweke mahogani.

Sababu ni sauti. Mimi ni mpiga rithim, kazi yangu ni kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), na gita lenye bodi hii nyepesi linajibu mkono haraka: sauti inatoka yote kwa mkupuo, halafu inakaa pembeni kumpisha mwimbaji. Pikapu ya shingoni ni nene bila kuwa na tope. Gonga kodi ya nyuzi zote sita, utausikia kila uzi kivyake. Ya darajani, karibu na pale nyuzi zinapokaa kwenye bodi, ikiwa peke yake ni kali na nyembamba. Naitumia kwa vipande vifupi vya kudonoa, zaidi ya hapo masikio yanaomba huruma.

Utamu wenyewe uko katikati ya swichi. Kwenye magita mengi ya pikapu mbili, ukiziwasha zote zinaungwa sambamba, na sauti inalainika. Nathan Daniel aliziunga kwa mfuatano, umeme wa moja ukiongezwa juu ya wa nyingine, na gita hili limefuata mchoro wake. Ukisukuma swichi katikati sauti inapanda na kunenepa kwa pamoja, kiasi kwamba amplifaya uliyoiweka pale inapokaribia kukwaruza, inakwaruza. Nimeacha kukanyaga pedali kwa sababu hiyo. Beti naziimbisha kwa pikapu ya shingoni, kiitikio kikifika kidole kimoja kinagusa swichi, na mpiga ngoma anageuka kunitazama. Hii si sauti ya bei ya juu iliyoshushwa. Ni nadra kuipata hata kwenye bei ya juu, labda umwombe fundi akuungie nyaya upya.

Kuna pia kile kipande cha alumini juu ya shingo, nyuzi zinapopita kwenda kwenye vigingi. Wengine huweka plastiki au mfupa. Alumini inafanya uzi ulioachwa wazi ulie kama uzi uliobanwa kwenye freti (vile vyuma vyembamba vya shingoni), uking'aa vilevile, na ndiyo maana gita hili linawafaa sana wanaolituni kwa namna nyingine. Jimmy Page wa Led Zeppelin alikuwa akipanda jukwaani na Danelectro ya zamani ya umbo hilihili, akiwa ameituni D-A-D-G-A-D, yaani noti za nyuzi sita kuanzia ule mnene. Jaribu. Hata usipobana kitu, unapata muziki.

Shingo ndipo ufufuo ulipoleta faida ya wazi. Zile za zamani zilitiwa vyuma ndani visivyorekebishika: shingo ikipinda, imepinda, umtafute fundi mwenye subira. Hii ya sasa ina chuma kinachokazwa na kulegezwa kwa ufunguo mdogo. Wapo wanaolalamika kwamba si ya asili. Waacheni na asili yao na nyuzi zao zilizonyanyuka. Muungurumo upo, pikapu ni za koili moja ya waya, aina inayonasa kelele za umeme, na ukikaa karibu na transfoma utausikia. Geuka upande kidogo, unapungua.

Kinachonikwaza ni daraja. Toleo linaloiga la zamani kwa uaminifu lina daraja lenye kijiti kimoja cha mti kinachobeba nyuzi zote sita. Unaweza kukisogeza mbele, nyuma, au kukilaza kidogo mshazari, basi. Uzi mmoja ukipishana na sauti yake kwenye freti ya 12, huwezi kuurekebisha huo peke yake bila kuwachokoza majirani zake. Kwa kodi za chini huoni shida. Panda juu ya freti ya 10 na mpiga kinanda mwenye masikio makali, utaona anavyokunja uso. Toleo lenye vibebeo sita vya chuma, kimoja kwa kila uzi, limekwishatatua jambo hili, na kwa mpiga solo ndilo ningemwambia achukue bila kufikiri mara mbili.

Mimi nimebaki na la kijiti, kwa kuwa mti unakata ule ukali wa pikapu ya darajani, na kwa kuwa tatizo kubwa liko kwenye uzi wa tatu. Enzi za Nathan Daniel seti za nyuzi zilikuja na uzi wa tatu uliozungushiwa waya. Siku hizi wengi tunafunga uzi mtupu, ambao ndio unaokimbia sauti yake kwenye daraja la namna hii. Nunua seti ya 11 (namba ya unene wa nyuzi) yenye uzi wa tatu wa kuzungushiwa, laza kijiti mshazari, upande wa uzi mnene uwe nyuma kidogo, kisha tuni upya uzi mmoja mmoja. Kuuvuta uzi huo kwa kidole ili ulie utapata taabu, lakini kodi zitakaa.