Kapimeni mafuta pale Shangani, ila nendeni kabla ya chai

Wadau wa Mtwara mlioniuliza kuhusu ile huduma ya kupima mafuta ya mwili iliyofunguliwa huku Shangani pembeni ya duka la dawa, kama ni ya kweli au ni ya kula hela za watu, jibu langu ni ya kweli na mi nimeipenda. Elfu tatu tu unapimwa uzito, mafuta, misuli na maji alafu unapewa karatasi yako. Ila lazima ujue unapimwa nini, maana kuna watu wanatoka pale wanagombana na karatasi.

Ile mashine haioni mafuta. Unapanda pekupeku, unashika vile vishikio viwili, inapitisha umeme mdogo sana wala husikii chochote, na umeme unapita vizuri kwenye maji yenye chumvichumvi, sasa misuli imejaa maji hayo ila mafuta yana maji kidogo mno kwaiyo yanauzuia. Inachopima ni umeme umepata shida kiasi gani kupita, hapo inakisia una maji kiasi gani, kutoka kwenye maji inapiga hesabu ya sehemu ya mwili isiyo na mafuta (ambayo kama asilimia 73 yake ni maji), kinachobaki kwenye uzito wako ndo wanakiita mafuta. Na hesabu yenyewe inategemea umri, urefu na jinsia uliyojaza, ukiongeza urefu ili uonekane mrefu na karatasi nayo inaenda upande.

Mi nafundisha bayolojia na wanyama wa baharini nawapenda kupita kiasi, kwaiyo nilivyoiona tu nikawawaza sili, wale wanyama wa bahari za baridi wenye mafuta mazito chini ya ngozi, huku kwetu hawapo, sisi tuna nguva. Wanaowachunguza sili wana shida hiyohiyo ya kujua ndani ya mwili kuna mafuta kiasi gani, ila mteja wao hapandi mizani kwa hiari na dume la sili tembo wa kusini linaweza kufika hata tani tatu na zaidi. Na jibu wanalihitaji kweli, sio urembo. Sili wa kijivu wa Sable Island huko Kanada mama akishazaa ananyonyesha siku kama 16 hadi 18 bila kula kitu, maziwa yake mafuta yanafika karibu asilimia 60, yote yanatoka kwenye akiba ya mwili wake. Sili wa kofia ndo balaa, ananyonyesha siku 4 tu, mtoto anazaliwa na kilo kama 22 anaachishwa ana kilo 40 na kitu. Sasa mama akifika ufukweni amekonda mtoto naye anaachishwa mdogo, na hapo unajua huko baharini chakula kilikuwaje mwaka huo.

Njia wanayoiamini zaidi ni ya maji mazito, yale ambayo haidrojeni yake ina uzito zaidi ya ya kawaida. Sili anakamatwa kwa wavu au anapigwa dawa ya usingizi, anapimwa uzito, anachomwa sindano ya kiasi kidogo cha maji hayo kinachojulikana kabisa, wanasubiri masaa kadhaa yasambae mwili mzima, wanachukua damu na kuangalia yamezimuliwa kiasi gani. Ni kama sukari kijiko kimoja, ukionja chai utajua kama kiliwekwa kwenye kikombe au kwenye birika zima. Wakishajua maji yote ya mwili, hesabu iliyobaki ni ileile ya mashine ya Shangani! Wengine wanatumia ultrasaundi ya kubeba mkononi kupima unene wa mafuta sehemu kadhaa za mwili pamoja na futi ya kuzungusha kiunoni na kifuani, wengine wanapiga picha kwa droni. Na sili tembo kuna njia nzuri ajabu, wanamfunga kifaa mgongoni, kuna kipindi akizama anaacha kuogelea anajiachia tu, kama ana mafuta mengi anaelea kwenda juu, kama amekonda anazama, kifaa kinarekodi mwendo wake, basi wanajua anavyonenepa akiwa huko mbali ambako hakuna mtu wa kumfuata.

Hata hii ya umeme wameshaijaribu kwa sili, wakaipima kwa kuilinganisha na maji mazito. Ndo navyotaka mtu aelewe, hakuna kipimo kinachotembea peke yake, kila kimoja kinahitaji kingine cha kukishika mkono.

Na hapo ndo dada anayehudumia pale amenikuna. Kabla hujapanda anakuuliza umekula saa ngapi, umetoka mazoezini, umeenda haja ndogo, alafu anakupima kiuno kwa futi na anaandika kwa kalamu pembeni ya karatasi. Kuna mama mmoja alikuja katoka feri na ndoo yake, jua kali, toka alfajiri hajanywa maji, dada akamwambia "Mama shikamoo, leo nikikupima nitakuonea, mwili umekauka mashine itasema mafuta mengi kuliko uliyonayo, pumzika unywe maji uje kesho asubuhi." Mama akasema "Marahaba mwanangu, ila hela ninayo hapa." Akakataa kuipokea. Biashara ngapi hapa mjini zinakataa elfu tatu ya mtu ili apate jibu sahihi?

Sasa yasiyonifurahisha. Ile sehemu ya "umri wa mwili" kwenye karatasi ingefutwa kabisa, mtu wa miaka 34 anaambiwa mwili una 49 anaenda nyumbani usingizi haupati, na ile namba imetengenezwa kutokana na makisio juu ya makisio. Karatasi yote ni ya Kiingereza, wazee wanaipokea wanaikunja wanaweka mfukoni basi imeisha. Alafu kwenye meza ileile kuna makopo ya vidonge vya kukata mafuta, hii imeniuma kwa kweli, mtu ameshtushwa na namba sekunde hiyohiyo anaona kopo, watoe. Sio dada, nadhani ni mwenye biashara.

Usichukue asilimia moja ukaenda kubishana nayo, wala usilinganishe na ya jirani aliyepimwa kwa mashine nyingine. Pima mashine ileile, muda uleule, kabla ya chai, uangalie baada ya miezi namba inaelekea wapi na kiuno kinasemaje. Kama mafuta yanashuka kwenye karatasi ila futi haijasogea, mi naiamini futi kwanza. Na msiache kula ming'oko na korosho kwa sababu ya karatasi jamani.

Asubuhi wanafungua saa moja na nusu, jumamosi foleni ndefu nendeni katikati ya wiki. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asipande kabisa, na mjamzito pia, mwambieni dada mapema atawapima kwa mizani ya kawaida na futi, hiyo anachukua elfu moja.