Matairi ya Altezza, WRX na Wenzao: Lipi la Kufunga Mwaka Mzima?

Ukisoma orodha za Wamarekani za matairi ya "misimu yote" kwa magari ya spoti, kumbuka kwamba sehemu ya maksi wanazotoa ni za kushika theluji. Kwetu dereva ana misimu miwili: jua na mvua. Januari saa nane mchana lami ya Dar inaunguza nyayo, na masika yakianza kuna sehemu maji yanatuama barabarani kutwa nzima. Tairi letu la mwaka mzima ni linalostahimili moto huo na kukamua maji hayo. Wenzetu wa Njombe ndio wanaoamkia baridi kali Juni na Julai, na tairi la kiangazi (yaani la hali ya joto, iwe kavu au mvua, si la theluji) hukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Alfajiri hizo waende taratibu, basi.

Nachukua saizi ya 215/45R17, maana ndiyo ya Toyota Altezza RS200 na ya Subaru WRX nyingi za katikati ya miaka ya 2000. Kama gari lako lina saizi nyingine, fuata kibao kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Mpangilio wangu unabaki uleule.

Namba moja ni Michelin Pilot Sport 4, au Pilot Sport 5 iliyotoka 2022. Hili ni tairi la kiangazi. Upande wake wa nje una kashata (vipande vya mpira vinavyogusa lami) pana zinazobeba gari kwenye kona, na mifereji mirefu ya kutoa maji inazunguka tairi zima. Ukipiga breki kwenye lami iliyolowa unasikia gari linashika. Bei inauma, lakini kwa mtu anayeshuka mlima wa Kitonga wakati wa mvua, mimi sioni pa kubania.

Namba mbili ni Yokohama Advan Fleva V701. Kashata zake zimechongwa kama herufi V, kwa hiyo maji yanasukumwa pembeni, na mara nyingi bei yake iko chini ya Michelin. Kasoro yake ni kwamba linazunguka upande mmoja tu: ukitaka kuhamisha matairi unayatoa mbele kwenda nyuma, huwezi kuvusha la kulia kwenda kushoto bila kulitoa kwenye rimu. Ubavuni limeandikwa TREADWEAR 240. Hicho ni kipimo cha kudumu, namba ikiwa kubwa tairi hudumu zaidi, kwa hiyo hili halijatengenezwa lidumu sana.

Anayekwenda Mbeya na kurudi kila wiki namshauri namba tatu, Continental ExtremeContact DWS06 Plus, ambalo ni la misimu yote kweli na TREADWEAR yake ni 560. Namba hizi kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo zichukue kama mwanga tu. Kashata zake zina mikato mingi midogo, na ukikata kona kwa kasi unahisi zinajipinda kidogo, usukani hauna ule ukali. Uzuri wake, juu ya kashata zimechorwa herufi D, W na S. S ikifutika uwezo wa theluji umekwisha, nasi hatuna habari nayo. W ikifutika anza kutafuta hela, kwa sababu hiyo ndiyo ya mvua.

Matairi mapya ya bei nafuu nayaweka namba nne, na siyadharau. Manne mapya ya kawaida ni salama kuliko mawili ya jina kubwa mbele na vipara viwili nyuma. Soma ubavu kabla ya kulipa: 91W maana yake tairi linabeba kilo 615 na limepimwa hadi kilomita 270 kwa saa. Neno TRACTION lifuatwe na A au AA, kwa sababu kipimo hicho ni cha breki kwenye njia iliyolowa. Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT, ndizo tarehe ya kutengenezwa. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Lililoanikwa juani nje ya duka miaka minne liache hapohapo.

Advan Neova AD08R na jamii yake, yenye TREADWEAR ya chini, ni tairi la barabarani lililolenga zaidi siku za mbio. Kwenye maji yaliyotuama linaelea mapema. Sitasema zaidi.

Mwisho kabisa, matairi ya mtumba ya Japani yaliyoandikwa STUDLESS, yaani ya barafu yasiyo na misumari. Niliwahi kufunga manne. Kashata zilikuwa nene kama mpya, zimejaa mikato myembamba kama ya wembe, na ukizibonyeza kwa kidole gumba zinabonyea kama kifutio cha penseli. Nikadhani nimeokota dodo. Mwezi Mei, kati ya Kibaha na Mlandizi, lori lililokuwa mbele lilisimama ghafla kwenye manyunyu. Nilikanyaga breki, gari likaendelea kuteleza, nikaishia kwenye majani kando ya barabara. Mpira ule umechanganywa kwa ajili ya barafu, kwenye lami ya moto unalegea na kuisha upesi. Usiogope alama ya M+S (matope na theluji) peke yake, iko kwenye matairi mengi mazuri. Ogopa STUDLESS.

Wenye WRX, nunueni manne kwa mpigo. Gari linalovuta kwa magurudumu yote likifungwa matairi yanayopishana uchakavu, difu ya kati inafanya kazi muda wote na mwisho inakufa.

Kabla hujamlipa fundi, lizunguke gari. Pilot Sport lina neno OUTSIDE, nalo lazima lisomeke kwa nje. Fleva lina mshale, nao uelekee mbele gari linakokwenda. Upepo ujazwe kwa kufuata kibao cha mlangoni, na uupime tena kesho yake asubuhi matairi yakiwa ya baridi.